Kisanduku cha Nguzo ya Saba

Kila alasiri, akishavua sare ya shule, Pengo alikaa mezani na daftari la mama yake. Jina hilo alipewa na baba siku meno ya mbele yalipong'oka. Meno yakarudi, jina likagoma kuondoka.

Mama alikuwa mpimaji wa miamba katika mgodi wa makaa ya mawe. Kule chini, wachimbaji huacha nguzo nene za makaa zibebe paa la mwamba. Mama alizipitia nguzo arobaini kwa siku, akipima paa limeshuka milimita ngapi. Daftari lilirudi jeusi kwa vumbi, na Pengo, binti mwenye mwandiko mzuri, alinakili namba kwenye fomu safi, kila nguzo na kisanduku chake.

Siku hiyo wenzake walikuwa nje na kamba ya kuruka, wakimwita. Namba ya nguzo ya saba ilikuwa imefutika. Mama yuko jikoni, hatua kumi tu!

"Aa, jana ilikuwa mbili," Pengo alijisemea. Akaandika mbili, huyoo, akatoka mbio.

Usiku walipokuwa wakila, mama aliitazama fomu. "Nguzo ya saba imetulia," alimwambia baba. "Kesho mnaweza kuipunguza, mchimbe makaa yake."

"Afadhali!" alisema baba, ambaye alikuwa mchimbaji. "Nitaianza mwenyewe."

Pengo akarudisha tonge sahanini. Akamtazama baba yake, machozi yakamlengalenga.

"Baba, usiende! Ile mbili nimeibuni. Namba haikusomeka."

Loo! Mama hakumkaripia, alichukua simu, akampigia msimamizi wa zamu. "Nguzo ya saba isiguswe mpaka niipime."

Kesho yake alipima: tisa. Paa lilikuwa linashuka kweli. Nguzo ikaachwa nzima, na magogo ya kuegemeza paa yakaongezwa.

Baba alirudi mweusi tititi, meno tu ndiyo yanaonekana. Pengo, aliyekuwa bado hajavua sare, akamrukia hivyo hivyo, sare ikachafuka, na hakuna aliyelalamika.

"Mwanangu," mama alisema akimfuta mashavu, "kisanduku kitupu kingenirudisha chini kupima tena. Namba yako ya kubuni ilinituliza, na baba yako ndiye angekuwa chini ya paa. Usipojua, sema hujui. Si aibu."

Kisha akamwekea daftari mbele. "Haya, karani wangu, kazi inangoja."

Pengo alinakili taratibu. Kwenye nguzo ya kumi na mbili akasimamisha kalamu.

"Mama! Hii siioni!"

"Nakuja, mama," mama alijibu, akaja.