Yai Linalozama

Mama Mikate huamka kabla ya jua. Hilo silo jina alilopewa na wazazi wake, lakini mtaa mzima humwita hivyo, naye huitika. Anafanya kazi katika duka la mikate karibu na kituo cha mabasi. Amekanda unga kwa miaka kumi na miwili.

Unga ukishafunikwa na kuumuka, Mama Mikate hukata kidonge kidogo. Hukitumbukiza katika bilauri ya maji. Kidonge kikielea, unga uko tayari. Kikizama, bado. Mwenye duka akimharakisha, yeye humwonyesha bilauri.

"Usiniulize mimi," husema. "Uliza maji. Maji hayajui kudanganya."

Ikumbuke bilauri hiyo, msomaji. Ndiyo iliyomtia matatani.

Nyumbani Mama Mikate anaishi na mumewe, ambaye ni fundi baiskeli, na binti yao wa miaka tisa. Tangu mwaka jana wanaishi pia na baba mkwe. Mzee huyo alikuwa seremala. Siku zote alikuwa na penseli nene nyuma ya sikio, hata akienda kusalimia wagonjwa. Mkewe alipofariki, penseli ilihamia kwenye kopo la bati juu ya kabati. Mzee naye alihamia kwenye kiti cha barazani. Alikula akipewa chakula. Aliitikia akisalimiwa. Zaidi ya hapo, kimya.

Ndipo Mama Mikate alipoleta kuku. Mitetea wanne, ndani ya boksi.

Mumewe alishika kiuno. "Kuku wa nini tena? Mayai si yapo dukani?"

"Ya dukani ni ya dukani," mkewe akajibu.

Hakumwambia ukweli. Ukweli ni kwamba alitaka mzee apate kitu cha kumwamsha asubuhi.

Na mzee akaamka. Alilitazama boksi, akakuna kidevu, akauliza, "Hawa watalala wapi?" Siku ya tatu banda lilikuwa limesimama. Lilikuwa na mlango wa bawaba na masanduku mawili ya kutagia. Penseli ilikuwa imerudi sikioni. Mzee alianza kuongea na kuku, kisha akaanza kuongea na watu. Kuku mmoja alimwita Mpelelezi, kwa sababu alichungulia kila kitu, hata ndani ya viatu vya wageni.

Miezi ikapita. Jumatatu moja mzee aliingia jikoni akitembea polepole, mikono ameikunja kifuani.

"Mwanangu, shika. Taratibu!"

Lilikuwa yai. Dogo, la kahawia, bado lina joto.

Familia nzima ilijaa jikoni. Mama Mikate alilivunja ndani ya bakuli. Wote wakainama. Kiini hakikuwa cha njano hafifu kama cha yai la dukani. Kilikuwa na rangi ya chungwa, kali kabisa. Pembeni yake palikuwa na doa jekundu, dogo kama kichwa cha pini.

"Mama, damu!" binti akapiga kelele.

"Hilo linaumwa," fundi baiskeli akasema. "Kwanza jogoo hatuna. Yai bila jogoo ni yai gani?"

Mama Mikate hakujua ashike lipi, aache lipi. Yai lilinukia vizuri. Lakini ile rangi! Na lile doa! Akalimwaga. Mzee alitazama bakuli tupu, akatoka nje.

Kesho yake kazini Mama Mikate alimuuliza mwenzake wa kwenye tanuri. "Eti, yai bovu utalijuaje kabla ya kulivunja?"

"Litie kwenye maji, utaona mwenyewe," mwenzake akasema. Alitaka kuendelea, lakini mikate ilianza kuungua. Akakimbia.

Mama Mikate hakuhitaji kusikia zaidi. Maji! Nani wa kumfundisha yeye mambo ya maji?

Jioni alijaza bakuli, akatumbukiza yai la siku hiyo. Likazama. Likalala chini kwa ubavu, wala halikutikisika. Akalitoa, akalifunika kwa kitambaa, akaliacha robo saa mahali penye joto, kama afanyavyo unga. Akalirudisha majini. Likazama tena.

"Bovu," akasema, na roho ikamuuma.

Jumatano mayai matatu yalizama. Alhamisi, matatu. Ijumaa, manne. Yote aliyafukia katika shimo la taka nyuma ya bafu. Kila jioni mzee alimngoja mlangoni.

"Ya leo yamekuwaje, mwanangu?"

"Yamezama, Baba."

"Yote?"

"Yote. Hata sielewi."

Mzee alibadilisha maji ya kuku. Alibadilisha majani ya kwenye masanduku. Mwisho akakaa kitako mbele ya banda.

"Pengine ni mbao nilizotumia," alisema. "Pengine banda lipo mahali pabaya. Mkono wangu siku hizi haushiki kitu kikawa sawa."

Mama Mikate aliposikia hayo, machozi yalimlenga. Aliingia ndani akajifanya anatafuta chumvi.

Kufikia Jumamosi jioni mayai kumi na matano yalikuwa shimoni. Jumapili asubuhi binti alikuja mbio kutoka nyuma ya nyumba.

"Mama! Kuku wamejificha kutaga! Yamo ndani ya tairi bovu la Baba!"

Yalikuwa mayai matano, yamefunikwa na vumbi. Mama Mikate aliyatia majini bila matumaini. Mawili yalisimama wima. Matatu yakapanda juu, yakaelea.

"Yanaelea!" Mama Mikate akaita. "Baba, njoo uone! Yanaelea!"

Mzee alikuja na kiatu kimoja. Meza ikaandaliwa. Mkate ukakatwa. Kikaango kikapata moto. Fundi baiskeli akakaa mbele kabisa, na uma mkononi. Mama Mikate akavunjia yai la kwanza kikaangoni.

Harufu iliyotoka humo haielezeki. Binti aliziba pua kwa mikono miwili. Fundi baiskeli alitoka nje na sahani yake, ingawa haikuwa na kitu. Mama Mikate alisimama na ganda mkononi, hajui hata aliweke wapi.

"Mke wangu," mumewe alisema kupitia dirishani, "nimevumilia. Yaliyozama mabovu. Yaliyoelea mabovu mara mbili. Jumamosi nawapeleka hawa kuku sokoni."

Mzee aliinuka. Alitoa penseli nyuma ya sikio, akaitumbukiza katika kopo juu ya kabati. Kila mtu aliisikia ilivyogonga bati. Kisha akarudi kwenye kiti chake cha barazani.

Jumatatu hakusema kitu. Jumanne vilevile. Kuku walilishwa na binti.

Alhamisi alasiri alifika Bibi Mifugo. Huyu ni mtaalamu anayepita nyumba kwa nyumba kuchanja kuku. Huvaa mabuti ya mpira na hubeba kisanduku chenye barafu. Mpelelezi alichungulia kisanduku hicho kabla hata hajapewa salamu.

"Kuku wazuri," Bibi Mifugo alisema alipomaliza kuchanja. "Mayai mnafaidi?"

"Mayai!" Mama Mikate akacheka kicheko cha uchungu. Akamweleza yote, tangu doa la damu hadi kikaango. Bibi Mifugo alisikiliza. Katikati ya maelezo aliinua mkono.

"Hebu rudia hapo, dada. Yaliyozama uliyafanyaje?"

"Nilifukia."

"Na yaliyoelea?"

"Nilikaanga."

Bibi Mifugo aliketi juu ya kisanduku chake. "Uwii! Dada yangu, umefukia mazuri, ukakaanga mabovu."

"Haiwezekani. Kinachoelea ndicho kizuri. Mimi nafanya kazi hiyo kila siku!"

"Kazi gani?"

"Mikate."

"Ahaa," Bibi Mifugo akasema. "Sasa nimekuelewa. Lete bakuli la maji. Lete yai la leo na lile la dukani, kama unalo."

Binti alivileta. Yai la leo lilizama, likalala kwa ubavu. La dukani lilizama pia, lakini upande mmoja uliinuka kidogo.

"Unga wako ukiwa na hewa ndani, umeumuka, ni mzuri," Bibi Mifugo alieleza. "Yai ni kinyume chake. Ganda lake lina matundu madogo sana, huyaoni kwa macho. Kila siku maji kidogo yanatoka ndani, na hewa inaingia. Yai jipya halina hewa nyingi, kwa hiyo linalala chini. Likikaa, linaanza kusimama. Likizeeka kabisa, linaelea."

"Kwa hiyo yale ya kwenye tairi..."

"Yalikaa wiki nyingi juani. Kuku wenu walianza kutaga zamani, nyie hamkujua. Kila siku angalieni wanakojificha. Yai usilojua umri wake usilikaange kwa pupa."

Mama Mikate alishika kichwa. "Na ile rangi ya chungwa?"

"Ni chakula chao. Wanakula majani na wadudu hapa uani. Rangi ikikolea si ugonjwa."

"Na damu?" binti akadakia.

"Ni mshipa mdogo uliopasuka yai lilipokuwa linatengenezwa. Hutokea, hasa kwa kuku wanaoanza kutaga. Doa litoe kwa ncha ya kijiko, yai lipike liive."

"Na jogoo? Mume wangu anasema bila jogoo..."

"Mwambie mumeo jogoo ni kwa ajili ya vifaranga. Yai la kula kuku anataga mwenyewe, haombi ruhusa."

Wakacheka. Kisha Bibi Mifugo akaendelea, akihesabu kwa vidole. "Lakini maji yanakwambia umri tu. Kwa hiyo kila yai livunje kwanza kwenye bakuli lake peke yake, ulinuse. Lenye ufa litupe. Okota asubuhi na jioni. Likiwa na uchafu kidogo, lipanguse kwa kitambaa kikavu. Usiyaloweke kwa maji ya baridi ukayaweka, maana uchafu unaingia kupitia yale matundu. Yale uliyopima majini, yapike siku hiyo hiyo. Na ukishashika mayai au kuku, nawa kwa sabuni. Andika siku kwenye ganda, halafu anza kula yaliyotangulia. Ukifanya hivyo, hata bakuli la maji hutalihitaji tena."

"Niandike kwa kitu gani?"

"Kwa penseli. Wino usitumie."

Mama Mikate aligeuka kutazama barazani. Mzee alikuwa kwenye kiti chake. Macho yalikuwa mbali, lakini shingo ilikuwa imeinama upande wao.

Ilikuwa afadhali akande gunia zima la unga kuliko kutembea zile hatua chache. Lakini alitembea. Akachuchumaa mbele ya kiti.

"Baba, nisamehe. Mayai yote yalikuwa mazuri. Mimi ndiye niliyekosea. Nilipima mayai kama ninavyopima unga, na nilikuwa na uhakika mno hata sikuuliza."

Mzee alimgeukia.

"Yote yalikuwa mazuri?"

"Yote, Baba. Kumi na matano."

"Hata yale madogo?"

"Hata madogo."

Mzee aliinuka. Alimpita mkwewe, akampita Bibi Mifugo, akaenda moja kwa moja hadi bandani. Akainama mbele ya mlango wa bawaba. Kuku wanne wakamsogelea.

"Mmesikia?" aliwaambia. "Hamna kosa. Hatuna kosa."

Mama Mikate alilia palepale, wala safari hii hakutafuta chumvi.

Jioni hiyo lile yai la siku lilipikwa hadi likaiva vizuri, likagawanywa vipande vinne. Ulikuwa mgawo wa kuchekesha. Binti alikula chake, akalamba uma, akauliza kama kuku wanaweza kutaga mara mbili kwa siku. Fundi baiskeli alitafuna taratibu, akijitahidi kutoonyesha chochote usoni.

"Limeiva," alisema.

"Hilo tu?" mkewe akauliza.

"Ni tamu. Haya, ni tamu! Mmefurahi?"

Mzee alifumba macho alipokuwa akila.

Jumamosi fundi baiskeli alitoa kapu kubwa, lile la kupelekea kuku sokoni. Mkewe alimwona asubuhi akipanga majani makavu ndani yake. Aliondoka kwenda kazini bado amechanganyikiwa, maana mumewe hakusema analifanyia nini, na yeye aliogopa kuuliza.

Siku nzima mikate ilimwendea ovyo. Aliporudi, alitazama banda kabla ya mlango wa nyumba. Kuku walikuwepo, wanne. Mpelelezi alikuja kukagua viatu vyake.

Kapu lilikuwa juu ya meza ya jikoni. Ndani yake mayai yalikuwa yamepangwa juu ya majani, masafi na makavu. Kila moja lilikuwa na mwandiko mnene wa seremala. Ijumaa. Ijumaa. Jumamosi. Moja, kubwa kuliko mengine, lilikuwa limewekwa pembeni kwenye kikombe. Mama Mikate alilichukua akalisogeza dirishani ili asome.

"Jumamosi," liliandikwa. Na chini yake, kwa herufi ndogo: "Limezama. La kwako, mwanangu."

Aliinua macho juu ya kabati. Kopo la bati lilikuwa tupu.