Majivu ya Popo

Mukagasana wa Mbugangari alikuwa akimenya viazi mbele ya nyumba. Mume wake, Habiyaremye, alikuwa ametoka ziwani, na samaki wote walikwisha kuuzwa sokoni. Ndivyo walivyoishi. Samaki ni wa kuuza. Nyumbani watu hula ndizi na viazi.

Mtoto wao Donatha alikaa kimya ukutani. Aliachishwa ziwa mama yake alipopata mimba nyingine. Tangu hapo miguu yake ilivimba, na mashavu yalijaa.

"Angalia mujukuu wangu," alisema bibi, mama yake Habiyaremye. "Iko munene kama muke ya chefu wa kijiji."

"Munene asiyecheza, mama?" aliuliza Mukagasana.

"Munene hachezi, mukazana wangu. Anakaa."

Lakini nywele za mtoto zikageuka nyekundu, ngozi ikabanduka. Hapo bibi akaacha kucheka.

"Hii ni bwaki, ile ugonjwa ya kuvimbisha watoto," alisema. "Dawa yake ni popo."

Habiyaremye akanasa popo kwenye migomba, akawachoma juu ya kigae mpaka wakawa majivu. Kila asubuhi bibi alimlambisha mtoto majivu yale.

Siku moja jirani yao Nyirasafari alikuja kuomba moto. Huyu alizaliwa upande wa Walikale, kwenye misitu. Watu walimcheka, maana kwao hula popo.

"Mama Popo amefika," alisema bibi. "Leo tunapika chakula yako."

Nyirasafari alitazama kigae. "Hapana, mama. Miye nakula nyama. Nyinyi munakula moshi."

"Moshi namna gani?" aliuliza Mukagasana.

"Nyama ya popo inajenga mwili. Maini yake inaongeza damu. Mifupa iko na chokaa. Sasa mukiunguza yote, nyama inaenda na moshi, inabaki chokaa na chumvi kidogo. Chokaa ni ya mifupa. Donatha anakosa ile iliyoungua. Mutoto wangu alivimba hivi hivi. Muganga wa dispanseri ndiye alinieleza."

Habiyaremye alikasirika. "Unataka tukule popo, watu watucheke?"

"Sikusema vile. Popo anauma, tena anaweza kukupa ugonjwa. Muache aende. Kitu iko ndani ya popo, iko ndani ya samaki yako. Iko ndani ya maharage, ndani ya yai, ndani ya maziwa. We unavua dawa kila siku, unaiuza, kisha unamupa mutoto majivu."

Mukagasana alimbeba Donatha mgongoni, akaenda dispanseri. Wakampa maziwa. Lakini mtoto alikuwa amechoka mno, hakuweza kumeza. Alizikwa Rugerero, kwa ndugu za baba yake.

Bibi alisema majivu yalikuwa machache. Mpaka leo anasema hivyo.

Kisha akazaliwa Kayitare, mtoto wa mimba ile. Alipoanza kula, mama yake alimpondea samaki, akatoa miiba, akachanganya na maharage laini. Wala hakuharakisha kumwachisha ziwa. Samaki wakubwa huenda sokoni, wadogo hubaki nyumbani. Habiyaremye huwatenga mwenyewe, bila kuambiwa, bila kumtazama mkewe.

Sasa Kayitare anakimbiza kuku wa jirani siku nzima. Nywele zake ni nyeusi, na miguu yake imekaza. Wanawake humwuliza Mukagasana: "Huyu munamupa dawa gani?"

"Hakuna dawa," anasema. "Anakula chakula ya dada yake."