Jicho la Upepo

Walikutana kwenye foleni ya duka la vioo, mashine ya kukatia alumini ikipiga kelele za kutoboa masikio. Yeye, fundi wa madirisha, na ovaroli ya buluu na penseli sikioni. Mwanamume mbele yake, shati jeupe limepigwa pasi, akarudi nyuma akamkanyaga.

"Samahani, dada. Mimi mtunzi wa kamusi, nilikuwa nawaza 'window'."

"Duka zima madirisha, unawaza lipi?"

"Neno lenyewe. Zamani Waingereza walisema tundu la jicho. Wakaja kukopa kwa watu wa kaskazini: vindauga, jicho la upepo. Nyumba zao hazikuwa na vioo."

"Makubwa! Kumbe kazi yangu ni kuuvalisha upepo miwani!"

Alicheka hadi penseli ikaanguka. Wakapendana, tena sana, naye fundi akapewa kazi ya madirisha yote ya nyumba mpya ya Kamusi, jina alilombatiza mpenzi wake. Limebaki la chumbani tu, Kamusi akaitwa kazini ng'ambo.

"Hilo nisubiri, laazizi. Tutalitia pamoja."

Fundi akasubiri, ufunguo wa nyumba ukining'inia shingoni. Alimtamani hadi usingizi ukamkimbia. Simu zilikuja, lakini zilikuwa masomo ya maneno tu.

"Unarudi lini, mpenzi?"

"Leo nimefukua 'husband'! Limetoka kulekule kaskazini: mwenye nyumba."

"Asili ya mume unaijua, kuwa mume ndiyo hujui!" Akakata. Tangu hapo hakupokea tena, ingawa kila ilipolia moyo ulimlipuka.

Ndipo dada yake Kamusi alipompigia. "Wifi, kaka kasema nyumba ipangishwe. Malizia lile dirisha, uniletee ufunguo."

Alibeba kioo analia. Kufungua chumba, huyo hapo Kamusi, kakalia sanduku, shati limekunjamana.

"Dada nilimtuma akudanganye. Simu hupokei, ningekupataje?"

"Una wazimu! Na usinianzie lugha za kale. Sema ya moyoni mwako."

Mwenye maneno maelfu akachagua machache. Upepo uliingia kwenye tundu la dirisha ukiwapiga usoni.

"Nakupenda. Nilikukosa mno. Tuoane," alisema. "Ufunguo usiurudishe."

Fundi alijifuta machozi kwa mkono wa ovaroli.

"Shika kioo upande huo," alisema. "Na ole wako ukikiangusha, hatuoani."