Mguu wa Njano

"Umenivunjia mguu!"

"Mguu gani, kaka, mbona umesimama vizuri tu—"

"Mguu wa hiki chombo hapa! Wewe dada huoni mbele?"

"Nina geti kichwani, nitaonea nini? Nani kakutuma utege miguu mitatu katikati ya njia ya watu?"

"Napima!"

"Unapima ubishi!"

Wapita njia walishajaa. Upande mmoja, fundi wa kuchomelea ambaye mtaa mzima ulimwita Cheche: ovaroli ya buluu, kilemba cha njano, miwani myeusi kaipandisha kwenye paji la uso. Upande wa pili, mpima ardhi mrefu, shati jeupe limepigwa pasi mpaka mikunjo inakata, kakumbatia dira yake kama kifaranga. Miguu mitatu ya mbao ya kuisimamishia ilikuwa chini, mmoja umekatika.

Kilichomponza Cheche ni lile kumbatio.

"Mtu anayekumbatia sindano ya dira namna ile," alimwambia mama yake jioni, "akikukumbatia wewe itakuwaje?"

"Itakuwa kesi," mama akajibu.

Lakini mwana alishaibeba ile miguu karakanani. Akatoa wa mbao uliovunjika, akauchomelea wa chuma, akaupiga msasa, akaupaka rangi ya kilemba chake. Mpima alipokuja kuuchukua alishukuru mara tano, mbili kwa mguu na tatu kwa macho. Simu zikaanza.

"Miguu Mitatu, umekula?"

"Nimekula, Cheche wangu. Nipo juani nasoma pembe."

"Zinasemaje?"

"Zote zinaelekea kwako."

"Muongo mkubwa! Kata simu ufanye kazi."

"Kata wewe."

Hakuna aliyekata.

Basi jirani yao, muuza magodoro, akataka kujenga stoo, akaomba mpaka upimwe. Ofisi ikamtuma nani? Huyohuyo. Chombo kikubwa cha ofisi cha kusomea pembe kilikuwa kimepelekwa kutengenezwa, kwa hiyo akaja na dira juu ya miguu yake, wa njano ukiwaka. Akapima kona ya kwanza, Cheche akamwita chai, akaja mbio. Baada ya wiki majibu yakatoka: ukuta wa karakana umeingia kwa jirani, upana wa mlango mzima. Uvunjwe.

Ukuta wenyewe aliujenga marehemu baba yake Cheche, kwa mikono yake, na ndio ulioshika paa. Ukianguka, karakana kwisha, na riziki ya mama na binti kwisha.

"Umekunywa chai yangu, ukaniuza kwa godoro!" Cheche alilia kwenye simu.

"Nimeandika nilichosoma, mpenzi, siwezi kupinda namba kwa sababu nakupenda—"

"Basi kapendane nazo!"

Simu ikazimwa. Mama akashika ufagio, akaapa: "Akikanyaga hapa, ataondoka na miguu mitatu ya kwake mwenyewe. Miwili na mkongojo!"

Siku ya kuvunja, muuza magodoro alikuja na watu wenye nyundo. Cheche kauegemea ukuta, macho yamevimba na wala si kwa moshi. Ndipo akatokea mpima anakimbia, shati limekunjamana kama lililotafunwa.

"Simamisheni! Nimekosea mimi!"

Ufagio ukainuka.

"Mama, nipige baadaye, nipime kwanza!"

Akahema, akaeleza. Ukipima mstari kutoka kona hii kwenda ile, unakwenda kule unapima na kurudi. Kwenda na kurudi lazima vitazamane, vipishane nusu duara kamili.

"Mimi nilisoma kwenda tu, nikakimbilia chai. Jana, kwenye kazi nyingine, kwenda na kurudi vikakataana. Nikadhani dira imekufa. Nikauzungusha ule mguu wa njano, sindano nayo ikaufuata."

Cheche akajiziba mdomo. "Chuma!"

"Chuma. Sindano haiwezi kukaa karibu na chuma ikatulia. Hata mwanafunzi wa wiki ya kwanza anajua. Na mimi nilijua. Ila kila nikiutazama ule mguu, nilikuwa namuona mtu."

Wenye nyundo wakaangua kicheko.

Alikuja na miguu mingine, ya mbao mitupu. Mageti yakasogezwa mbali. Cheche akavua mkanda wenye funguo, akaenda kushika fimbo ya kulengea kwenye kona ya pili. Mpima akasoma kwenda, akahamia kule, akasoma kurudi. Vikatazamana. Ukuta ulikuwa palepale alipouacha baba, haujamgusa mtu.

"Ahsante, kijana," muuza magodoro akasema, anajifuta jasho. "Ningelala juu ya magodoro yangu yote na usingizi nisiupate."

Cheche alimsogelea mpima. "Ungeweza kunyamaza. Ofisini watakusema."

"Wameshanisema. Bosi kanisema mpaka akaomba maji."

"Ahsante, Miguu Mitatu. Ahsante sana. Na ule mguu, utautupa?"

"Nani autupe? Nitautundikia taulo."

Muda wote huo mama alikuwa kaweka kiganja ukutani. Sasa akauweka ufagio chini.

"Wewe."

"Naam, mama."

"Nipe namba ya mama yako."

"Ya nini tena, mama? Kosa si nimeshakiri?"

"Nataka nimshukuru, kazaa mtu anayerudi kusema nimekosea. Halafu nina ombi. Nyie wawili mkiachiwa wenyewe mtashikilia simu mpaka mageti yote yaote kutu." Akajifunga kanga vizuri. "Namuombea huyu binti yangu. Nakuja kwenu kukuposa."