Theluji Iliyofika Kifuani

Kila Aprili, kabla ya kwenda shule, Marnie Laflamme huingia msituni na baba yake kukagua ndoo zilizoning'inizwa kwenye miti ya sukari. Hapo kwao Vermont, usiku ukigandisha na mchana ukiyeyusha, miti hiyo hudondosha maji matamu. Ukiyachemsha kwa subira, unapata shira. Mwaka huo Marnie alizunguka peke yake. Baba, Armand, alikuwa jikoni na mguu kwenye plasta, akitoa amri kwa mkongojo kama jemadari aliyeangushwa na farasi.

Majirani wa bondeni walikuwa wameahidi kupanda mlimani Jumamosi kukusanya maji. Ndiyo desturi: mwenzako akiumia, unambebea ndoo zake, naye anakumwagia shira ya moto juu ya theluji, unaila pamoja na tango la achari.

Ijumaa theluji ikaanguka, ya kufika kwenye kifundo cha mguu. Bondeni ilinyesha mvua tu. Wazee huiita theluji ya sukari, maana hupoza miti ikatoa maji mara ya mwisho. Lakini mtangazaji wa televisheni, kajifunga koti hadi puani, alipiga kelele: "Jinamizi jeupe! Msitoke nje! Tutumieni picha!"

Marnie akaenda kwenye rundo la theluji lililoporomoka kutoka paa la ghala, akapiga magoti ndani yake, akajipiga picha. Akaituma kwa televisheni na maneno: "Kwetu imenifika kifuani!" Jioni picha ikaonyeshwa, jina la kijiji chini yake. Mama alikuwa ghalani, baba amesinzia. Marnie akacheza kwa furaha peke yake chumbani.

Jumamosi jua likachomoza. Ndoo zikajaa. Hakuja mtu.

Baba akampigia simu Bwana Pruitt, mwenye duka la bondeni, aliyekuwa akiwakusanya wenzake.

"Armand, acha ushujaa," sauti ya Pruitt ilisikika hadi mlangoni. "Tumeiona picha wenyewe kwenye televisheni. Nije kuzika watoto wa watu huko?"

"Theluji haizidi kifundo!"

"Wewe hata mguu ulipovunjika ulisema umejikwaa tu! Tulia, tutakuja wiki ijayo."

Wiki ijayo machipukizi yangekuwa yamefunguka na msimu umekwisha. Baba akaweka simu chini taratibu. "Maji haya yakichacha," alimwambia mama, "hatuna shira ya kuuza, na huu msitu wa babu tutauuza."

Mama alichukua ndoo mbili akatoka. Marnie akamfuata, akabeba hadi mabega yakafa ganzi, na kila alipogeuka aliona ndoo nyingine ikifurika, maji yakimwagikia mizizi. Mama alijikwaa, akaanguka, akabaki ameketi ndani ya maji yaliyomwagika, akilia bila sauti.

Marnie alikimbia nyumbani. "Baba, nipe simu."

"Ya nini?"

"Ile picha ya televisheni ni mimi. Nilipiga magoti."

Baba alimtazama mpaka Marnie akatamani apigwe kofi yaishe. Kisha akamsogezea simu.

"Bwana Pruitt, ni Marnie. Nilidanganya. Nilipiga magoti kwenye rundo la paa."

"Sasa binti, nitajuaje kama hii nayo si picha nyingine?"

"Nitasimama katikati ya barabara. Ukiona viatu vyangu, panda. Usipoviona, geuza gari."

Alisimama pale, meno yakigongana, mpaka gari la Pruitt likatokea. Mzee alishusha kioo, akavitazama viatu vya Marnie kwa muda mrefu.

"Viatu vizuri," alisema. Akapiga simu, na magari mengine yakapanda.

Walibeba hadi jioni. Msitu ukaokoka. Lakini ndoo za upande wa jua zilikuwa zimechacha, na Marnie ndiye aliyezimwaga, moja baada ya nyingine, mbele ya watu wote. Hakuna aliyemcheka. Hilo ndilo lililomuuma zaidi.

Wageni walipoondoka, baba alimwita.

"Yule mtangazaji amekwenda kulala," alisema. "Kesho atatafuta wingu lingine alikuze. Sisi hatuna kazi kama yake, mwanangu. Sisi tuna majirani. Siku ghala likiungua kweli, tutapiga simu. Unataka Pruitt aje mbio, au kwanza aulizie viatu vyako?"

"Aje mbio, Baba."

"Basi anza leo kumzoesha kukuamini."