Mwangwi wa Tangi la Chuma

"Kaka, humu ndani kuna mtu anahema."

Fundi hakugeuka. Alikuwa ameinamia kompyuta, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nyuma yake aliketi mdogo wake, binti ambaye wanamuziki walimbandika jina la Masikio, hedifoni kichwani, akipitisha kimya kitupu kwenye programu. Ndivyo walivyoijaribu kila kazi kabla haijatoka. Kikiingia kimya, kitoke kimya. Kikitoka kingine, kazi inarudi mezani.

Walitengeneza programu ndogo za kuchomeka ndani ya zile kubwa za kurekodia muziki. Hii mpya ilikuwa ya mwangwi: unaimba chumbani kwako, unasikika kama umo ndani ya tangi la chuma. Na tangi lenyewe lilikuwepo, nyuma ya kiwanda kilichokufa zamani. Masikio aliingia humo na kinasa sauti, akapiga kofi moja ili wachukue mwangwi wake. Tangi likamjibu kwa makofi mawili. Wakacheka mpaka mbavu zikawauma, wajinga wale, wakaubeba mwangwi nyumbani.

Kisha Fundi akaufungasha. Chipu za ARM, yaani bongo za mashine, si za aina moja. Ya simu siyo ya kompyuta, na ya mitambo ya zamani ina mambo yake. Kwa hiyo mwangwi uleule aliukatia vifurushi vitatu, kila chipu na chake. Hicho cha mitambo ya zamani ndicho kilichokuwa kinahema.

"Ni kelele za waya tu," Fundi alisema.

"Waya unanuka kutu, kaka? Hebu nusa."

Kweli chumba kilinuka kutu na maji yaliyolala. Fundi aliogopa, tena sana, lakini wateja walikuwa wamemkalia kooni, naye ni mtu wa kuogopa kuchelewa kuliko kufa.

"Achana nacho. Jaribu hiki," akasema. Hakumwambia kwamba ameviunganisha vyote vitatu kuwa kifurushi kimoja, ili mteja asihangaike kuchagua. Aliona amefanya bonge la ujanja.

Masikio akabonyeza.

Kofi lililia. Halikulia kwenye hedifoni. Lilitua usoni pake, likamng'oa kitini na kumbamiza ukutani, magodoro ya kuzuia sauti yakachanika. Alipoinuka, shingo ilitangulia na mwili ukafuata, na sauti iliyomtoka kinywani ilikuwa nzito, yenye mvumo wa chuma.

"Mliingia kwangu bila hodi. Mkanikatakata, mkanifunga vipande vipande. Leo umeniunga mwenyewe, Fundi. Natoka, na huyu natoka naye."

"Mwache mdogo wangu!" Fundi alipiga magoti. "Nakuomba. Sina mwingine."

Kweli hakuwa na mwingine. Alimlea tangu wamezikwa wazazi wao, akambeba mgongoni, na sasa mikono ileile aliyoifundisha kushika kijiko ilimkamata nywele ikampigiza paji la uso mezani, mara moja, mara nyingine, mpaka damu ikamziba macho, ikaushika mkono wake wa kulia na kuvivunja vidole kimoja baada ya kingine, taratibu, huku uso wa Masikio ukilia machozi yake mwenyewe na kinywa chake kikicheka kicheko kisicho chake, na katika maumivu hayo Fundi akang'amua kwamba kilichoungwa kinaweza kuachanishwa, akajiburuta hadi kwenye kibodi akiwa ameng'atwa bega mpaka mfupa, na kwa mkono wa kushoto akaandika amri ya kukigawa tena kifurushi.

Kipande cha kwanza kilipochomoka, madirisha yalipasuka. Cha pili, Masikio alitapika maji ya kutu. Cha tatu kilimtoka na damu kwenye masikio yote mawili, naye akaanguka kama nguo iliyokatikiwa kamba.

"Kaka," alisema baadaye, akiutazama mdomo wa Fundi. "Unasema nini? Sikusikii."

Fundi alilia kwa uchungu na kwa furaha. Masikio ya mdogo wake yamekwenda, lakini yu hai! Ila mazoea yana kazi. Kabla ya kuvifuta vile vifurushi alitaka kuhakikisha, kwa hiyo akavaa hedifoni mwenyewe na kupitisha kimya, kifurushi kimoja kimoja. Alihisi ubaridi ukimteleza sikioni, kama maji yanayobaki baada ya kuoga. Kisha vyote vitatu vikatoa kimya kitupu.

Alivifuta, akacheka, akamkumbatia mdogo wake palepale sakafuni kwenye vioo. Masikio alimlalia kifuani kama utotoni. Kusikia hakusikia, lakini shavu lake liliuhisi mpando wa pumzi, mshuko wake, na katikati yake pumzi nyingine, nzito, isiyofuatana na ile.

Akainua kichwa polepole.

"Kaka," alinong'ona. "Humu ndani mnahema wawili."