Fundo Lililolowa

Haya yalimpata jirani yetu Corrine Tackett, huku kwetu Kentucky, nami nayasema kama alivyonisimulia.

Jumamosi hiyo Corrine na kaka yake Dell waliegesha gari kwenye changarawe, wakapanda njia ya msituni huku wakitafuna mkate wa siagi ya karanga, mpaka chini ya mwamba. Walikuwa hawajarudi hapo tangu shangazi yao Lorna aanguke na kufa, miaka miwili nyuma. Yeye ndiye aliyewafundisha kupanda miamba. Kabla ya kushuka kwa kamba, daima alifunga fundo kwenye kila ncha, ili mtu asipitilize, akalikaza kwa meno. Siku moja tu hakufunga. Kamba ikaisha mkononi, naye akapitiliza.

Walipanda vizuri. Kileleni wakakutana na ukungu, na radi ikanguruma kwa mbali. Dell akapitisha kamba kwenye pete za chuma zilizopigiliwa mwambani, akatupa ncha zote mbili chini.

"Hujafunga mafundo," Corrine alisema.

"Wacha ubibi! Unataka radi itukaange? Alama ya katikati ya kamba hii hapa kwenye pete. Ncha zote zimefika chini. Shuka, bwana!"

Corrine akatangulia. Ukungu ukammeza. Akashuka polepole, miguu ukutani, mkono wa kulia ukiachia kamba kidogo kidogo.

Ghafla kamba ikakaza.

Ilikaza kutoka chini, kama mtu ameishika kwa mikono miwili.

"Dell?"

"Nipo juu! Umefika?"

Kule chini hakukuwa na mtu. Walipoegesha, gari lao lilikuwa peke yake.

Akajaribu kushuka. Kamba haikusogea. Kisha akasikia mnong'ono chini ya miguu yake, karibu mno.

"Corrie. Mkono wako uko wapi?"

Shangazi Lorna ndivyo alivyowauliza kila walipoanza kuzembea kushika kamba.

Upepo ukapasua ukungu. Corrine akatazama chini. Ncha moja ya kamba iliishia shubiri moja chini ya kiganja chake, na ardhi ilikuwa bado mbali, kimo cha nyumba tatu. Hapo akakumbuka. Dell alikata upande uliochakaa wa kamba, mwezi wa nne. Alama ya katikati hakuihamisha, kwa hiyo upande mmoja ulikuwa mfupi.

Ncha ile fupi ilikuwa na fundo.

Ile ndefu ilikuwa imenyooka kuelekea chini, imekazwa. Hakuna aliyeishika.

Corrine akajivuta hadi kwenye ukingo mdogo pembeni, akajifunga kwenye mti uliokuwa umeota hapo, akapiga kelele mpaka Dell akasawazisha kamba. Walipofika chini wote wawili, Dell alilishika lile fundo.

"Umelifunga saa ngapi?"

"Sijalifunga mimi."

Mvua ilikuwa bado haijanyesha, lakini fundo lilikuwa limelowa. Lilikuwa na alama za meno.

Dell alilikata kwa kisu, akalitupa vichakani. Nyumbani akaitundika kamba kwenye msumari gerejini, akafunga mlango.

Asubuhi ncha zote mbili zilikuwa na mafundo.

Sasa ni wiki ya tatu. Ni kiangazi, na gereji hiyo ina joto la tanuri. Corrine huingia kila siku, huyagusa mafundo kwa kidole kimoja tu, kisha hutoka mbio.

Hayajakauka.